Kipato, Elimu na UKIMWI Magharibi mwa Ziwa Victoria

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, magharibi mwa Ziwa Victoria. Kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Kagera haukuwa mkoa maskini kuliko mingine, wala haukuwa nyuma kwa shule. Ulikuwa na zao la biashara la miaka mingi, vyama vya ushirika, hospitali za misheni na wasomi waliotapakaa Afrika Mashariki nzima. Ugonjwa ulianzia kwa watu ambao, kwa desturi ya magonjwa mengi, wangetarajiwa kuwa salama zaidi. Katika miaka 40 iliyofuata, uhusiano wa kipato na elimu na maambukizi ulibadilika hatua kwa hatua, na uhusiano wa mambo hayohayo na upimaji ukabadilika kwa njia yake.

Kahawa, shule na mpaka

Wahaya, wenyeji wa sehemu za Bukoba mkoani Kagera, walikuwa wakitafuna kahawa ya kuchemshwa na kukaushwa muda mrefu kabla ya ukoloni. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliifanya kahawa kuwa zao la fedha, na wakulima wakajiunga katika vyama vilivyozaa ushirika mkubwa wa Bukoba. Misheni ziliwahi kufika. Wamisionari Wakatoliki waliweka kituo Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wakafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Fedha ya kahawa ililipa karo, na Bukoba pamoja na Kilimanjaro zikawa miongoni mwa sehemu za Tanganyika zilizokuwa na wanafunzi wengi zaidi. Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960, alitoka huko. Vijana waliosoma walikwenda chuo cha Makerere nchini Uganda, Nairobi na Dar es Salaam, wakaajiriwa mbali na kwao, na nyakati za likizo wakarudi.

Mpaka wa Uganda ulikuwa karibu kuliko makao makuu ya nchi. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalipovamia mwaka 1978 na kuvunja daraja la Kyaka, vita ilipita katikati ya mkoa. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, maelfu ya askari walikuwa wamevuka kwenda na kurudi. Baada ya vita, bidhaa ziliadimika Tanzania. Sabuni, nguo na mafuta vilipatikana kwa magendo kupitia Mutukula, mpakani, na kwa mitumbwi ya ziwani, na kahawa ikavuka mpaka kwa njia hizohizo. Biashara hiyo ilileta fedha za haraka kwa vijana, na ikafufua vituo vya barabarani vyenye baa na nyumba za wageni. Ng'ambo ya mpaka, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilayani Rakai, watu walianza kudhoofika na kufa mwaka 1982. Waganda waliuita ugonjwa huo "slim" kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Upande wa Kagera ulipewa jina la Juliana, nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa magendo. Wenyeji walikuwa wameshaona nani wanaugua kwanza.

Virusi vyenyewe vilikuwa vya zamani zaidi. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba mlipuko ulioenea duniani ulianzia Kinshasa yapata miaka ya 1920, ukasafiri kwa reli na mito ya Kongo. Katika kila hatua ulifuata njia za biashara na ajira.

Barabara na fedha

Kipimo cha damu cha kutambua virusi vya UKIMWI (VVU) kilianza kutumika mwaka 1985. Tafiti za kwanza zilizopima wananchi, badala ya kuhesabu wagonjwa wa hospitalini peke yao, zilitoa picha iliyolingana nchi baada ya nchi. Rwanda ilipima sampuli ya taifa zima mwaka 1986 na kukuta asilimia 17.8 ya watu wa mijini wana maambukizi, wakati vijijini ilikuwa asilimia 1.3. Kagera ilipimwa mwaka 1987. Katika mji wa Bukoba, watu wazima wenye maambukizi walikuwa asilimia 24.2. Bukoba vijijini na Muleba walikuwa asilimia 10, Karagwe asilimia 4.5, na katika wilaya za kusini za Ngara na Biharamulo asilimia 0.4 tu. Mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiwango kilikuwa asilimia 11.8 mjini, asilimia 7.3 katika vituo vya barabarani na asilimia 2.5 vijijini.

Rakai ilionyesha ngazi hizo kwa undani zaidi. Katika vituo vya biashara vilivyokuwa kando ya barabara kuu, asilimia 26 ya wanaume na asilimia 47 ya wanawake walikuwa na VVU. Katika vijiji vya wakulima visivyopitiwa na barabara hiyo, kiwango kilikuwa asilimia 8 au 9. Umbali wa kilomita chache kutoka lami ulitenganisha hali mbili tofauti kabisa.

Ndani ya miji pia, wenye nacho walikutwa na maambukizi zaidi. Mjini Lusaka, Zambia, katikati ya miaka ya 1980, kiwango kilipanda kadiri miaka ya shule ilivyoongezeka. Nchini Rwanda, wajawazito ambao waume zao walikuwa watumishi wa serikali au wa ofisini walikuwa na maambukizi mara kadhaa zaidi ya wake za wakulima.

Sababu zake hazikuwa za ajabu. Mtu mwenye mshahara au mtaji alisafiri. Mtumishi wa umma alihamishwa, akaishi miaka mingi mbali na mke wake. Dereva, mfanyabiashara na afisa walilala safarini, na fedha iliwawezesha kuwa na wapenzi zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Magonjwa mengine ya zinaa, yaliyokuwa mengi na tiba yake haba, yalirahisisha maambukizi. Jaribio lililofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa hayo katika vituo vya afya vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Mkulima aliyekaa shambani kwake, asiye na nauli wala fedha ya baa, alikuwa nje ya mtandao huo kwa muda fulani.

Hata hivyo, fedha katika vituo vya barabarani haikugawanyika sawa. Tofauti ya Rakai kati ya asilimia 26 ya wanaume na 47 ya wanawake inaonyesha upande wa pili. Wanawake waliouza pombe na chakula, wahudumu wa baa na wasichana waliotoka vijijini waliishi kwa kutegemea wanaume wenye fedha, na uwezo wao wa kukataa au kuweka sharti ulikuwa mdogo. Wake za wenye mishahara nao waliambukizwa ndani ya ndoa. Kipato cha mwanamume mmoja kiliweza kuhatarisha wanawake kadhaa ambao wenyewe hawakuwa na kipato.

Elimu kabla ya taarifa

Elimu haikukinga mtu katika miaka hiyo kwa sababu hapakuwa na jambo la kujua. Kati ya kuambukizwa na kuugua hupita wastani wa miaka minane hadi kumi bila matibabu. Wengi walioanza kuugua mwaka 1985 waliambukizwa kabla ugonjwa haujapewa jina popote duniani. Aliyefika chuo kikuu na asiyejua kusoma walikuwa sawa kwa kutojua, ila wa kwanza alikuwa na mshahara, safari na maisha ya mjini.

Tanzania ilikuwa na hali yake ya pekee. Baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote kuanza mwaka 1977, karibu kila kijana alipitia shule ya msingi. Nafasi za sekondari zilibaki chache sana. Hivyo tafiti za Tanzania zinapotenganisha waliosoma na wasiosoma, mpaka wenye maana zaidi uko kati ya darasa la saba na sekondari. Aliyevuka mpaka huo aliingia katika tabaka la waajiriwa.

Ujumbe unafika

Uganda ilianzisha mpango wake wa kudhibiti UKIMWI mwaka 1986, na serikali ikazungumza waziwazi kuhusu kutulia na mwenzi mmoja. Mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani mwaka 1989 kwamba ana UKIMWI, akatumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na wanafunzi na waumini. Tanzania iliunda Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI mwaka 1988. Redio, makanisa, misikiti, vipeperushi na mabango vilibeba ujumbe, na kondomu zikaanza kupatikana madukani.

Hapo ndipo elimu ilipoanza kufanya kazi tofauti. Katika vijiji vya Masaka, Uganda, ambako watafiti walifuatilia watu walewale tangu mwaka 1989, waliosoma zaidi walikuwa na maambukizi zaidi mwanzoni. Baada ya miaka 11 uhusiano huo ulikuwa umetoweka, na kwa wanawake vijana ulikuwa umegeuka: waliosoma zaidi walikuwa salama zaidi. Mapitio ya tafiti nyingi za Afrika kusini mwa Sahara yalionyesha mwelekeo huohuo. Katika takwimu za kabla ya mwaka 1996, waliosoma sana ama hawakutofautiana na wengine au walikuwa na hatari kubwa zaidi. Katika takwimu za baadaye, hatari ilianza kuhamia kwa wasiosoma.

Kagera ilishuhudia kushuka mapema. Mjini Bukoba kiwango kilitoka asilimia 24.2 mwaka 1987 hadi 18.3 mwaka 1993, na hadi 13.3 mwaka 1996. Sehemu ya kushuka huko ni vifo. Lakini kiwango kilishuka hata miongoni mwa wasichana, ambao wengi wao walikuwa hawajaanza mahusiano ya kimapenzi wakati wimbi la kwanza linapita, na hilo linaashiria kwamba watu walikuwa wamebadili mwenendo.

Mwaka 2003–04 Tanzania ilifanya uchunguzi wake wa kwanza wa kitaifa uliopima damu za wananchi katika kaya. Kiwango cha taifa kwa watu wa miaka 15 hadi 49 kilikuwa asilimia 7. Katika moja ya tano ya kaya zilizo maskini zaidi kilikuwa asilimia 3.4, na katika moja ya tano ya kaya zilizo tajiri zaidi asilimia 10.5. Uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2003 ulitoa sura inayofanana na hiyo, hasa kwa wanawake. Sehemu ya tofauti hiyo inaelezwa na makazi, maana kaya zenye nacho nyingi ziko mijini. Sehemu nyingine inatokana na uhai wenyewe: mwenye kipato huishi muda mrefu zaidi baada ya kuambukizwa, hivyo huhesabiwa mara nyingi zaidi katika tafiti, ilhali maskini aliyekufa mapema hayumo katika hesabu. Kiwango cha maambukizi kilichopo na kasi ya maambukizi mapya ni mambo mawili tofauti.

Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2007–08, ulionyesha mgeuko ukiendelea. Miongoni mwa Watanzania wenye elimu ya sekondari na zaidi, kiwango kilishuka. Kwa wanawake wasiokwenda shule hakikushuka, bali kilielekea kupanda. Waliotangulia kuambukizwa ndio pia waliotangulia kujikinga.

Kuhusu namna shule inavyomkinga mtu, majaribio mawili yanatoa mwanga. Mkoani Mwanza, mradi wa Mema kwa Vijana ulifundisha afya ya uzazi katika madarasa ya juu ya shule za msingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na matokeo yake yakalinganishwa na vijiji visivyofikiwa. Ujuzi wa vijana uliongezeka waziwazi, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Nchini Botswana, mabadiliko ya mfumo wa sekondari ya mwaka 1996 yalifanya wanafunzi wengi wakae shule mwaka mmoja zaidi. Kila mwaka wa ziada ulipunguza uwezekano wa kuambukizwa kwa pointi 8.1 za asilimia, mahali ambapo robo ya watu wa kundi hilo walikuwa na VVU. Kinachokinga, basi, ni zaidi ya somo la UKIMWI ubaoni. Miaka ya shule humchelewesha msichana kuolewa, humpunguzia haja ya kutegemea mwanamume mwenye umri na fedha kumzidi, na humfungulia njia ya kujipatia riziki mwenyewe. Huko Rakai nako, maambukizi mapya kwa vijana yalipungua sambamba na kuongezeka kwa wanaobaki shuleni.

Nani alipima

Historia ya upimaji ilikwenda kwa mwendo mwingine. Katika miaka ya 1980 damu ilipimwa kwa sababu za hospitali na za utafiti: kukagua damu ya kuongezewa wagonjwa, kuthibitisha ugonjwa, kukadiria ukubwa wa tatizo. Wengi waliotoa damu kwa ajili ya utafiti hawakupewa majibu. Takwimu za wagonjwa zilitegemea hospitali zenye maabara, na hospitali hizo ziliwahudumia zaidi watu wa mjini na wenye nauli. Ndiyo maana tafiti za kaya, zilizobisha hodi kila nyumba iliyochaguliwa, zilikuwa za lazima. Bila hizo, ramani ya ugonjwa ingekuwa ramani ya maabara.

Kituo cha kwanza cha hiari cha ushauri nasaha na upimaji Uganda kilifunguliwa Kampala mwaka 1990. Tanzania ilipata mtandao wa vituo vya Angaza, chini ya shirika la afya la AMREF, kuanzia mwaka 2001. Waliokwenda kupima kwa hiari walikuwa zaidi watu wa mijini na wenye elimu ya sekondari. Walijua kituo kilipo na waliweza kusoma tangazo. Nauli haikuwashinda, na wengine walipima kabla ya kufunga ndoa kwa agizo la kanisa au kwa makubaliano ya wachumba.

Wengine walikuwa na sababu nzito za kutopima. Tiba madhubuti ya mchanganyiko wa dawa ilikuwepo tangu mwaka 1996, lakini mwaka 2000 tiba ya mtu mmoja iligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza bei ya dola 350 kwa mashirika ya misaada, na hata hiyo ilizidi pato la kaya nyingi za vijijini. Kwa asiye na uwezo wa kupata dawa, majibu ya kipimo yalileta unyanyapaa na hofu bila faida iliyoonekana. Mwanamke aliyepima peke yake aliweza kuachwa au kupigwa kwa kudaiwa kuwa ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani.

Mambo matatu yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni dawa za bure, zilizoanza kutolewa Tanzania mwaka 2004 kwa fedha za serikali na wafadhili wa nje. La pili ni kipimo cha haraka, kinachotumia tone la damu la kidole na kutoa majibu papo hapo, hivyo hapakuwa tena na haja ya kusubiri maabara ya mkoa. La tatu, na ndilo lililopunguza zaidi pengo la kipato, ni kuingiza upimaji katika kliniki ya wajawazito. Zaidi ya wajawazito 9 kati ya 10 Tanzania huhudhuria kliniki angalau mara moja, matajiri kwa maskini. Kipimo kilimfuata mwanamke mahali ambapo tayari alikuwa akienda.

Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya kitaifa. Takwimu zilipanda upesi. Waliowahi kupima na kupata majibu walikuwa asilimia 37 ya wanawake na 27 ya wanaume katika uchunguzi wa 2007–08. Mwaka 2011–12 walikuwa asilimia 62 ya wanawake na 47 ya wanaume. Pengo kati ya wasomi na wasiosoma lilipungua zaidi kwa wanawake, kwa sababu ya kliniki. Wanaume, wasio na mahali pa kupita kama hapo, waliendelea kutegemea hiari yao, na hiari hiyo ilifuata elimu na kipato.

Ugonjwa unapoleta umaskini

Uhusiano huu ulikuwa na mkondo wa kurudi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilifuatilia zaidi ya kaya 800 za Kagera ili kuona vifo vya watu wazima vinaziathiri vipi. Familia ziliuza mifugo, zikalipia matibabu na mazishi, zikapoteza nguvu kazi ya migombani na kwenye kahawa. Watafiti walipowatafuta tena watu walewale mwaka 2004, walikuta waliofiwa na mama utotoni wamepoteza karibu mwaka mmoja wa shule na takribani sentimita 2 za kimo, na upungufu huo haukuwa umefidiwa. Hivyo umaskini ulioonekana katika baadhi ya kaya zenye UKIMWI ulikuwa matokeo ya ugonjwa, na watoto waliokatishwa shule waliingia utu uzima bila kinga ambayo elimu ilikuwa imeanza kutoa.

Hatua za karibuni

Juhudi za baadaye zimewalenga wale ambao kliniki haikuwafikia. Juni 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua mjini Dodoma kampeni ya Furaha Yangu, iliyowahimiza hasa wanaume kupima na kuanza dawa mara moja. Mwaka 2019 sheria ya UKIMWI ilirekebishwa ili kuruhusu mtu kujipima mwenyewe, na umri wa kupima bila idhini ya mzazi ukashushwa hadi miaka 15. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016–17 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao 6 kati ya 10 wenye VVU walijua hali zao. Ule wa 2022–23 ulionyesha asilimia 82.7, na kati ya hao asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa.

Takwimu hizo mbili za mwisho zinaonyesha pengo kubwa lilipobaki. Mtu akishapima, kuanza dawa hakumshindi, kwa kuwa dawa ni bure. Kikwazo kimebaki hatua ya kwanza, kabla ya kipimo. Hapo wanakutwa zaidi wanaume, vijana na watu wa kambi za uvuvi na migodi midogo, ambao kazi zao huwahamisha kila mara na kuwaweka mbali na kituo cha afya.